Mvuke hausubiri asilimia 100

Wengi tulikariri kwamba mvuke hugeuka maji pale tu unyevu wa hewa unapofika asilimia 100. Si kila mahali. Chukua kile kipakiti kinachokuja ndani ya boksi la viatu vipya, kilichoandikwa usile. Kipasue: utaona punje ngumu zinazong'aa kama chenga za chupa, na ukizishika ni kavu kabisa. Kumbe ndani zimejaa vitundu vya upana wa nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na humo huenda maji yameshajikusanya.

Siri ni mpindo. Kuta za kitundu huyavuta maji, uso wake unabonyea kama bakuli, na molekuli zilizo kwenye uso wa namna hiyo hupata tabu kutoroka. Mwanafizikia William Thomson, ajulikanaye pia kama Lord Kelvin, alilieleza jambo hili mwaka 1871. Kwa kanuni yake, kitundu chenye nusukipenyo cha nanomita 2 hujaa maji unyevu ukiwa karibu asilimia 60 tu. Hewa ya pwani yetu huvuka hapo mara nyingi.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester waliijaribu kanuni hiyo kwenye mifereji isiyofika hata nanomita 1, ambako molekuli chache tu ndizo hutosha kukaa, hivyo kusema "mpindo" ni kama mzaha. Ikakubali!