MRI ya Utendaji: Ramani ya Ubongo Kabla ya Upasuaji

Mgonjwa mwenye uvimbe upande wa kushoto wa ubongo huuliza swali la haki kabisa: mkiutoa, nitaweza kuongea tena? MRI ya kawaida, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku kubwa, huonyesha uvimbe ulipo na ukubwa wake, lakini haisemi nyama iliyo pembeni yake ina kazi gani. Kazi hiyo huonyeshwa na MRI ya utendaji.

Sehemu ya ubongo inapofanya kazi, damu yenye oksijeni humiminika pale kwa wingi kuliko inavyohitajika. Hemoglobini, yaani protini ya damu inayosafirisha oksijeni, hutofautiana kisumaku ikiwa imebeba oksijeni na ikiwa haijabeba, na mwaka 1990 mwanasayansi Seiji Ogawa na wenzake walionyesha kuwa MRI inaweza kuinasa tofauti hiyo. Kipimo hiki hakina mionzi. Kumbukeni tu kwamba kinachopimwa ni damu, nayo huchelewa: hufikia kilele sekunde 5 hivi baada ya kazi kuanza.

Mgonjwa hulala chali, masikio yamezibwa kwa sababu ya kelele za mashine. Anaambiwa agusanishe vidole, apumzike, arudie. Kisha atafute kimoyomoyo maneno yanayoanza na herufi fulani. Akitikisa kichwa kidogo tu, picha huharibika.

Ningependa ndugu wa mgonjwa walizingatie hili: zoezi la maneno lifanyike kwa lugha anayoizungumza nyumbani. Aliyekulia Kisukuma au Kiswahili akipewa zoezi la Kiingereza asichokimudu, hatalifanya ipasavyo na ramani haitaaminika. Semeni mapema, na mseme pia kama anatumia mkono wa kushoto. Kwa watu wengi usemi hukaa upande wa kushoto wa ubongo, ila miongoni mwa wanaotumia mkono wa kushoto wapo wengi zaidi ambao usemi wao uko kulia au pande zote mbili. Kwa mgonjwa wa kifafa anayesubiri upasuaji, jambo hili huweza kubadili mpango mzima.

Ramani hii ina mapungufu. Karibu na uvimbe, mishipa ya damu huenda isiitikie kama kawaida, na eneo lililo hai likaonekana kimya. Ndiyo maana madaktari bado hugusa ubongo kwa umeme mdogo wakati wa upasuaji, pengine mgonjwa akiwa macho.

Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake, huko Uingereza, walimwomba mwanamke aliyedhaniwa hana fahamu afikirie anacheza tenisi. MRI ya utendaji ilionyesha ubongo wake ukiitika kama wa mtu mzima wa afya. Familia zinazouguza wagonjwa wa aina hii zina haki ya kulijua hilo.

Sonona je? Hakuna picha ya ubongo inayoweza leo kuthibitisha kwamba mtu fulani ana sonona. Daktari wa afya ya akili huitambua kwa kumsikiliza na kumchunguza mgonjwa. Ukiuziwa picha kwa ahadi hiyo, usilipe. Nenda kliniki ya afya ya akili.