TSH imepanda: kabla hujanunua vidonge vya tezi

Alinijia kliniki mama mmoja wa kaskazini ya Pemba, karatasi ya maabara ameikunja mara nne ndani ya pindo la kanga. TSH yake, kipimo cha damu cha kuangalia tezi ya shingo, ilikuwa 7.2. Aliambiwa "tezi imepanda", akapita duka la dawa, akauziwa thairoksini, yaani vidonge vya homoni ya tezi, na kuimeza wiki tatu. Moyo ukaanza kwenda mbio, usiku hapati usingizi. Kwangu alikuja kutibiwa moyo.

Nilimuuliza alikuwa na hali gani siku aliyopimwa. Kumbe ndiyo kwanza alikuwa ametoka kulazwa kwa kichomi. Mwili unapoinuka kutoka ugonjwa mkubwa, TSH huweza kupanda kwa muda kisha ikarudi yenyewe. Tukasimamisha vidonge, tukangoja miezi miwili, tukapima tena pamoja na T4 huru, homoni ya tezi yenyewe inayozunguka kwenye damu. TSH 3.1, T4 sawa. Uchovu uliompeleka maabara ulikuwa wa upungufu wa damu, na madini ya chuma ndiyo yaliyomsaidia.

Tezi ninayoizungumza si tezi dume. Naeleza hivyo kwa sababu kina baba hushtuka wakisikia neno hili. Hii iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo, na kila mtu anayo, mwanamume na mwanamke, ingawa matatizo yake huwapata wanawake zaidi. Hutengeneza homoni za T4 na T3, zinazopanga kasi ya mwili: joto, mapigo ya moyo, choo, hedhi, na ukuaji wa ubongo wa mtoto tangu yumo tumboni.

TSH haitoki kwenye tezi hiyo. Inatoka kwenye pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza tezi ya shingo. Homoni zikipungua, pituitari huongeza himizo na TSH hupanda. Zikizidi, hunyamaza na TSH hushuka. Kwa hiyo TSH ya juu mara nyingi ni dalili ya tezi iliyolegea, na ya chini ni ya tezi iliyochangamka kupita kiasi. Wengi huisoma kinyume, na wapo wanaoambiwa kinyume.

Kwa mtu mzima asiye mjamzito, maabara nyingi huhesabu TSH ya baina ya 0.4 na 4 kuwa ya kawaida. Ikiwa juu na T4 huru iko chini, tezi imelegea kweli na matibabu yanahitajika. Ikiwa juu kidogo na T4 huru ni nzuri, hapo ndipo pa kusubiri: tunarudia baada ya miezi miwili au mitatu, na kwa kawaida tunafikiria dawa kwa uzito zaidi TSH inapopita 10, au mtu akiwa mjamzito au anatafuta mtoto. TSH ikiwa chini na T4 au T3 iko juu, tezi imezidi. Na ipo hali inayopitwa kirahisi: T4 iko chini lakini TSH haikupanda. Hapo mashaka ni ya pituitari yenyewe. Mama aliyewahi kutokwa na damu nyingi mno wakati wa kujifungua, kisha maziwa hayakutoka na hedhi haikurudi, amwambie daktari habari hiyo hata kama imepita miaka.

Angalieni pia vipimio. T4 huru ya 1.2 katika maabara moja na 15 katika nyingine huweza kuwa kiasi kile kile, kwa sababu moja imeandika nanogramu kwa desilita na nyingine pikomoli kwa lita. Nimeona watu wakilia kwa tofauti hiyo. Na anayemeza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini aseme kabla ya kutolewa damu, maana katika baadhi ya mashine hushusha TSH kwa uongo na kupandisha T4 kwa uongo.

Dalili nazo zina ujanja wake. Tezi iliyolegea huleta uchovu, kuhisi baridi hata kipindi cha joto, choo kigumu, ngozi kavu, sauti nzito, hedhi nyingi. Hedhi hiyo kwetu huitwa chango na mtu akapewa dawa za miti miaka. Tezi iliyozidi huleta kukonda na huku unakula, mikono kutetemeka, jasho, moyo kudunda, hasira, pengine macho kutokeza. Watu wa nyumbani hudhani ni sukari, au presha, au mtu amechezewa. Sipuuzi dua wala kisomo. Naomba tu damu ipimwe pia.

Uvimbe wa shingoni, yaani rovu, hausemi peke yake kama tezi inafanya kazi au la. Unataka mkono wa daktari, TSH, na mara nyingi kipimo cha ultrasaundi. Tunadhani watu wa kisiwani, wala samaki, hawawezi kukosa madini joto (ayodini), ambayo tezi huyahitaji. Uchunguzi uliofanywa kwa watoto wa skuli miaka ya 2000 ulionesha vingine: Pemba ilikuwa na upungufu mkubwa kuliko Unguja, na chumvi yenye madini joto ilikuwa adimu majumbani huko Pemba. Chumvi inayovunwa pwani yetu haina madini joto ya kutosha mpaka yaongezwe. Ukiipata iliyoongezwa, ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, na itie chunguni mwishoni mwishoni.

Kwa wanaotumia thairoksini kwa haki yake: kidonge humezwa tumbo tupu kwa maji, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Vidonge vya chuma na kalsiamu vikae mbali nacho kwa muda wa saa nne, na hili linawahusu sana kina mama wa kliniki ya wajawazito. Ramadhani, meza wakati wa kulala, zikipita saa tatu tangu ulipokula, au amka mapema kabla ya daku. Kipimo hurudiwa wiki 6 hadi 8 baada ya kubadili dozi, maana dawa hii hutulia mwilini polepole. Ukishika mimba usiiache, nenda kliniki wiki hiyo hiyo. Wengi huhitaji kuongezewa. Na asiimeze mtu kwa ajili ya kupungua unene, inaharibu mapigo ya moyo na kulegeza mifupa.

Tezi iliyozidi hutibiwa kwa kabimazoli, na propranololi kutuliza moyo, ila mwenye pumu hapewi hiyo ya pili. Wengine huishia kwenye upasuaji au madini joto yenye mionzi. Mwanamke anayetumia kabimazoli na anataka kuzaa aseme kabla hajashika mimba, kwani dawa hubadilishwa. Na yeyote anayeitumia akapata homa na koo kuuma au vidonda mdomoni, asimeze kidonge kinachofuata: aende hospitali siku ile ile, hata kama ni usiku, na aombe chembe nyeupe za damu zihesabiwe.