Anacheka na kila mtu, ataumwa nini?

Uchangamfu ni nini?
Ni hulka ya kupenda kuwa na watu, kuongea na kuwa kwenye shughuli. Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, aliandika juu yake mwaka 1921. Leo wanasaikolojia wengi huihesabu kati ya hulka kuu 5 za binadamu. Si ugonjwa. Wengi wetu tuko katikati, si wachangamfu sana wala wakimya sana.

Unasaidia maisha ya kijamii?
Ndiyo, mchangamfu hupata marafiki upesi. Ila kujuana na watu mia si sawa na kuwa na mmoja wa kumwambia yaliyo moyoni.

Mtu wa watu anaweza kupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha?
Anaweza. Ni kweli sonona huwapata wachangamfu kwa kiasi kidogo kuliko wakimya, lakini kidogo si kamwe.

Mbona jana alikuwa anatuvunja mbavu?
Anaweza kuugua hivyo hivyo. Samahani, kauli hii nimeisikia mno kwa ndugu wanaomleta mgonjwa akiwa hoi. Kicheko si kipimo cha afya. Wengine huchekesha ili wasiulizwe. Ulizeni usingizi, hamu ya kula, kama bado anafurahia alivyovipenda, kama anajiona hafai. Dalili hizo zikidumu wiki 2, ni za kupelekwa kwa mtaalamu, si za kutaniwa.

Nikimuuliza kama anawaza kujiua, si nitamtia wazo hilo?
Hapana. Muulize waziwazi. Wengi hupata ahueni kwa kuulizwa tu.

Anakunywa sana, lakini si ndiyo anavyochangamkia watu?
Akihitaji pombe ili achangamke, hapo si hulka inayoongea, ni pombe. Na pombe huizidisha sonona.

Ndugu yetu mkimya amechangamka ghafla. Tufurahi?
Subirini kwanza. Kama halali na hachoki, anaongea bila kupumua na kutapanya pesa, hiyo si hulka mpya. Hulka haibadiliki kwa siku 4. Mpelekeni hospitali, huenda ni ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, na una dawa.

Tusubiri hadi lini?
Akitaja kufa, msisubiri hata kesho. Msimwache peke yake, nendeni leo, hata kama ametaja huku anacheka.