Kiungo hakikuzaliwa mwaka 1989

Kila kukicha nakutana na dai lilelile: kwamba haipateksti, yaani maandishi yenye viungo vya kukupeleka kwenye maandishi mengine, ilivumbuliwa na Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti, mwaka 1989. Limo kwenye slaidi za mafunzo, limo kwenye maelezo ya kozi, na hulirudia hata watu wanaojenga tovuti kila siku. Safari hii silipiti kimya. Kosa la tarehe lingevumilika. Tatizo ni kwamba anayeamini kiungo kilizaliwa pamoja na wavuti huamini pia kwamba hakingeweza kuwa vingine: cha upande mmoja, kisichojua kama kinakoelekea bado kupo, kinachokufa bila mtu kuarifiwa. Hayo yote yaliamuliwa, na aliyeyaamua alizijua njia nyingine.

Tarehe nizimalize haraka. Julai 1945 Vannevar Bush alieleza katika jarida la The Atlantic mashine aliyoiita memex, dawati lenye mikrofilamu ambamo msomaji angefungamanisha kurasa na kuacha njia ya kuirudia baadaye. Haikujengwa. Ted Nelson alianza mradi wa haipateksti wa Xanadu mwaka 1960, na mwaka 1965 akalichapisha neno lenyewe (hypertext). Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Brown kilikuwa na mfumo wa haipateksti wa HES, kazi ya Nelson, Andries van Dam na wanafunzi. Tarehe 9 Desemba 1968 Douglas Engelbart alionyesha mfumo wa NLS mjini San Francisco, akifuata viungo kwa kipanya mbele ya ukumbi mzima. Mwaka 1987 Apple ilitoa HyperCard, na watu wasioandika programu wakaanza kuunganisha kadi zao wenyewe. Pendekezo la wavuti ambalo Berners-Lee aliliandika Machi 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, liliikuta haipateksti ina miaka zaidi ya ishirini ya mifumo inayofanya kazi.

Sasa twende kwenye kiini. Katika Intermedia, mfumo mwingine wa Brown wa miaka ya 1980, kiungo hakikuandikwa ndani ya hati. Kilikuwa rekodi kwenye hifadhidata: ncha hii iko hapa, ncha ile iko pale. Hati ilibaki safi. Kwa kuwa rekodi ilizijua ncha zote mbili, ungeweza kusimama kwenye ukurasa wowote na kuuliza ni hati zipi zinauelekea. Microcosm ya Chuo Kikuu cha Southampton ilikwenda mbali zaidi: unalifungamanisha neno mara moja, na kila hati lilimo neno hilo linapata kiungo, hata hati ambayo hujaigusa. Naye Berners-Lee mwenyewe, katika programu yake ya ENQUIRE ya mwaka 1980, alikuwa na viungo vya pande mbili.

Kwenye wavuti akaviacha. Kiungo kikawa sifa ya href, yaani anwani iliyoandikwa ndani ya HTML, lugha ya kurasa za wavuti, basi. Hakuna daftari la viungo, hakuna kuomba ruhusa. Sababu yake ni ya kiufundi na ina uzito. Kiungo cha pande mbili kinataka seva mbili, kompyuta zinazotoa kurasa, zikubaliane: nikihamisha ukurasa wangu, seva yako lazima iarifiwe, na ikiwa imezimwa, aidha nisubiri au rekodi zetu zipishane. Kwa mashine za chuo kimoja hilo linabebeka. Kwa mamilioni ya seva za watu wasiojuana halibebeki. Akachagua mfumo unaokubali kuvunjika, na msimbo wa 404 (ukurasa haupo) ukawa sehemu ya muundo. Wataalamu wa haipateksti hawakuvutiwa: katika mkutano wao wa San Antonio mwaka 1991 makala yake ilikataliwa, akapewa nafasi ya maonyesho tu.

Vitabu husema wavuti ilishinda kwa sababu ilikuwa rahisi. Nina shaka na maelezo hayo. Gopher, mfumo wa Chuo Kikuu cha Minnesota wa kufikia hati mtandaoni kwa menyu, ilikuwa rahisi pia, ila mwaka 1993 chuo kikaanza kuzungumzia ada za leseni, na mwaka huohuo, tarehe 30 Aprili, CERN ikaiachia dunia nzima wavuti bila malipo. Mwaka huo pia kivinjari cha Mosaic kikaweka picha ndani ya maandishi. Ukinitaka nitenganishe ushindi wa muundo wa kiungo na ushindi wa leseni, siwezi.

Imani ya pili, mtoto wa ile ya kwanza, ni kwamba viungo hufa tu, ndivyo vilivyoumbwa. Pew Research Center, kituo cha utafiti cha Marekani, ilipopima mwaka 2023, asilimia 38 ya kurasa za sampuli yake ya mwaka 2013 hazikufikika tena. Wavuti ilipokataa kuwa na daftari, kazi ya daftari ilihamia kwa mwenye ukurasa. Wengi hawajui kwamba walikabidhiwa kazi hiyo.

Chukua tovuti inayohama kutoka /habari.php?id=412 kwenda /makala/mvua-za-vuli. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuelekeza anwani zote za zamani kwenye ukurasa wa mwanzo. Msomaji anafika mahali asipopaomba, na kikagua viungo kinaona kila kitu ni kizima. Andika jedwali la safu mbili, ya zamani na mpya, mstari mmoja kwa kila ukurasa. Tumia 301, msimbo wa seva unaosema ukurasa umehama kabisa, kwa kurasa za kusoma. Anwani inayopokea fomu ipe 308, msimbo mwingine wa kuhama, kwa kuwa kwenye 301 kivinjari hugeuza POST (ombi la kutuma data) kuwa GET (ombi la kusoma tu) na data ya fomu hupotea njiani. Ulichokifuta kwa makusudi kipe 410 (kimeondolewa). Ukurasa wa kosa usitoke kamwe na msimbo wa 200 (kila kitu sawa). Kama mwaka jana ulielekeza A kwenda B na sasa B inakwenda C, rudi uandike A kwenda C moja kwa moja, maana kila hatua ni safari nyingine ya kwenda na kurudi kwenye mtandao.

Kwenye Apache, programu ya seva, kuna mtego hapo. RewriteRule, amri yake ya kubadilisha anwani, hulinganisha njia tu, haioni kilicho baada ya alama ya kuuliza. Ile id=412 lazima uikague kwa sharti la RewriteCond kwenye QUERY_STRING, ambayo ndiyo sehemu hiyo ya baada ya alama ya kuuliza. Tena usipoweka bendera ya QSD, inayoifuta sehemu hiyo, id=412 itabandikwa kwenye anwani mpya, nawe utabaki na anwani mbili za ukurasa mmoja.

Mtego mbaya zaidi ni alama ya #. Kilicho baada yake hakifiki kwenye seva kabisa. Ukibadilisha id (jina la kipekee) ya kichwa cha habari, kiungo kilichoelekea aya ile hufungua juu ya ukurasa, na kumbukumbu za seva hazina alama yoyote ya kosa. Kwa kuwa elementi moja hubeba id moja tu, weka span tupu (kipande cha HTML kisichoonekana) yenye id ya zamani mbele ya kichwa kipya. Ukielekeza ukurasa, kivinjari hubeba # ya zamani hadi kwenye anwani mpya, ilimradi anwani mpya haina ya kwake. Kwa hiyo span ile itafanya kazi hata baada ya kuhama.

Wakati ujao? Mawazo ya zamani yanarudi vipandevipande. Tangu mwaka 2020 Chrome inakubali #:~:text= na maneno yenyewe, hivyo unaweza kuunganisha sentensi ambayo mwandishi hakuipa id. Akiihariri sentensi, ukurasa utafunguka juu bila onyo. Webmention, pendekezo rasmi la W3C, shirika la viwango vya wavuti, tangu mwaka 2017, inarudisha ncha ya pili ya kiungo kwa hiari: seva yangu inatuma source (ukurasa wenye kiungo) na target (ukurasa unaoelekezwa), yako inaichota source na kuhakikisha kiungo kimo kweli. Trackback, njia ya mwaka 2002 ya kuarifiana vivyo hivyo, haikudai uhakiki huo, ikazama kwenye taka. Ila hata uhakiki wenyewe sina imani nao kamili, kwani mtuma taka anaweza kutengeneza ukurasa halisi wenye kiungo halisi. IPFS, mtandao wa kuhifadhi mafaili kwenye kompyuta nyingi, inatengeneza anwani kutokana na maudhui, hivyo haiwezi kukupa kitu kingine. Lakini ukibadilisha koma moja, anwani ni mpya, na asipokuwapo wa kuhifadhi nakala, kimekufa vilevile.

Modeli za lugha, akili unde inayoandika majibu, ndizo zinazonipa wasiwasi zaidi. Mara nyingi zinajibu bila njia ya kurudi kwenye chanzo, na ile njia ndiyo Bush aliyoitaka kuliko yote.

Na ile ncha ya pili tuliyokuwa nayo bila kuijua, kichwa cha Referer, kinachoiambia seva msomaji ametoka ukurasa gani, imepungua. Zamani ungepanga 404 zako za mwezi kwa Referer na kuona ukurasa gani hasa wa nje una kiungo kilichovunjika. Sera ya kawaida ya vivinjari sasa ni strict-origin-when-cross-origin, ambayo hutuma jina la tovuti tu. Kwa faragha ya msomaji ni sahihi, na ninaiunga mkono. Bado ukurasa wenyewe itakubidi uutafute ndani ya tovuti hiyo, kisha umwandikie mwenye tovuti.