"Mtoro wa dawa": dhana potofu kuhusu kuwatibu wanaolala nje

Katika faili la mgonjwa asiye na makazi, neno linalojirudia kuliko hata majina ya magonjwa yake ni mtoro. Mtoro wa dawa, mtoro wa kliniki. Likishaandikwa mara moja, kila anayelifungua faili hilo anaanza na lawama kabla hajapima presha. Nyuma yake kuna imani iliyozoeleka mno: watu hawa hawajali afya zao, dawa ukiwapa hawamezi, kuwahangaikia ni kutwanga maji kwenye kinu. (Na wenye nyumba, ni wangapi wanaomaliza dozi ya antibiotiki?)

Tazama dawa yenyewe kwanza. Nyingi zinaandikwa kana kwamba mgonjwa ana choo, kabati, friji na mlo wa uhakika.

Mgonjwa wa moyo aliyevimba miguu anapewa furosemaidi, ameze asubuhi na mapema. Dawa hiyo huanza kumkojosha ndani ya saa moja na huendelea kwa saa 6 hivi. Saa hizo yuko kwenye foleni ya chakula, au ameshafukuzwa alipolala na choo cha umma bado kina kufuli. Akikojoa ukutani anakamatwa; akijikojolea, suruali ni hiyo hiyo moja. Kwa hiyo anairuka dozi, tena kwa akili zake timamu. Muulize choo anachokitegemea kiko wapi na kinafunguliwa saa ngapi, kisha dozi ifuate choo. Hata adhuhuri inafaa, ilimradi isiwe usiku.

Kwenye presha, chagua dawa inayosamehe. Amlodipini hukaa sana mwilini: baada ya saa 30 hadi 50 nusu yake bado ipo, hivyo siku moja ikipita bila kidonge hakiharibiki kitu kikubwa. Klonidini haina msamaha huo. Dozi zikikatika ghafla, presha inaweza kuruka juu kuliko ilivyokuwa kabla ya tiba, na begi lenye vidonge likiibwa usiku ndivyo hasa inavyokuwa.

Kisukari ndiko makosa yanakoumiza zaidi. Glibenklamidi hulisukuma kongosho kutoa insulini, mtu awe amekula au hajala. Kwa asiyejua atakula saa ngapi, hiyo ni kuitafuta sukari ishuke, na akianguka barabarani wapita njia watasema kalewa. Metformini peke yake kwa kawaida haishushi sukari kiasi hicho, lakini huharisha, na hapo tunarudi palepale kwenye choo: anza na miligramu 500 pamoja na chakula, na kama ipo, toa ile inayoyeyuka polepole. Kuhusu insulini, kauli ya "hana friji, kwa hiyo haiwezekani" ikome. Aina nyingi zikishaanza kutumika hudumu hadi siku 28 nje ya friji, mradi joto lisizidi nyuzi 30 na jua lisiifikie. Mpe kalamu moja ya kujidungia insulini, ile anayoitumia. Zilizobaki zikae kwenye friji ya kituo.

Na tafadhali, acheni kutoa vidonge vya mwezi mzima. Toa vya wiki moja, na vya siku 2 au 3 za akiba, ndani ya mfuko mdogo unaofungwa usiingize maji. Vikipotea, toa vingine bila mahojiano ya kipolisi, na kwenye faili andika kilichotokea: "dawa zimelowa", "dawa zimeibwa". Miadi ya "Jumanne saa 3 kamili" kwa mtu asiye na simu wala saa ni mapambo tu ya kadi. Mfuate pale anapopata chakula kila siku.

"Amelewa tu, mwache alale." Kauli hii inaua. Harufu ya pombe haizuii sukari kushuka wala damu kuvuja ndani ya fuvu. Pima sukari, joto la mwili na upumuaji, angalia mboni, kisha ivue kofia na upapase kichwa chote kwa vidole. Kosa la upande wa pili ni kumwamuru mnywaji wa kila siku aache leo hii: degedege linaweza kuja kati ya saa 6 na 48, na kuchanganyikiwa kwa hatari kati ya siku ya 2 na ya 4. Kuacha kunahitaji usimamizi.

"Ana chawa, mpake dawa." Chawa wa mwili haishi kwenye ngozi, huijia kula tu. Geuza kola au kiuno cha suruali uone mayai yalivyojipanga kwenye mshono. Kinachotibiwa ni nguo: mpe nyingine, za zamani zifuliwe kwa maji ya nyuzi 54 au zaidi, au zifungwe kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki 2. Akiwa na homa isiyoeleweka, kumbuka kwamba chawa huyu hueneza Bartonella quintana, bakteria anayeweza kuharibu vali za moyo.

"Aache pombe kwanza, nyumba baadaye." Kanada ilijaribu kinyume chake katika miji 5 kuanzia 2009 hadi 2013, kwa watu kama 2,000. Waliopewa nyumba bila sharti la kuacha kwanza walidumu ndani ya nyumba kuliko waliobaki na huduma za kawaida.

"Miguu ile ni uchafu." Mara nyingi ni maji. Mguu ukishinda na kulala umelowa hufa ganzi, huvimba na kuchubuka hata baridi isipofikia kugandisha. Uoshe, ukaushe hadi katikati ya vidole, usiusugue, usiuote moto. Soksi ziwe jozi 2, moja mguuni na nyingine ikikauka. Ukimwambia avue viatu usiku atakataa, kwa kuwa vitaibwa. Mwonyeshe kuvifunga kamba pamoja, kuviingiza kwenye mfuko na kuvilalia kichwani.