Mwalimu Tarajali Kutoka Ng'ambo Anapoishi Nyumbani Kwako

Kaya ya Mtwara au Lindi inapoombwa kumpokea mwalimu tarajali kutoka nje ya nchi, ambaye atafanya mazoezi ya ualimu katika shule ya jirani, swali la kwanza kuulizwa kwa kawaida ni la chakula: je, ataweza kula ugali wa muhogo? Ni swali la upendo na jibu lake ni jepesi, kwa kuwa ugali wa makopa ukiliwa na kisamvu kilichoungwa karanga, au na samaki wa kukaanga, haumchukui mgeni muda mrefu kuuzoea. Sisi tunaoratibu mazoezi hayo tungependa kaya ijiulize pia swali jingine: usiku, watu wakishakula, mgeni huyu ataketi wapi kuandika andalio la somo la kesho?

Mwalimu tarajali hakuja kutalii. Kila kipindi anachoingia darasani lazima awe na andalio la somo na zana za kufundishia, na mwalimu mwenyeji wake hukagua vyote viwili. Aliyepangwa shule ya sekondari atafundisha kwa Kiingereza, lakini aliyepangwa shule ya msingi ya serikali atafundisha kwa Kiswahili, lugha ambayo huenda ameanza kujifunza mwaka huohuo. Hisabati ya sehemu anaijua vizuri, ila hajui kwamba namba ya juu huitwa kiasi na ya chini huitwa asili, wala hajui namna mwalimu wa hapa anavyouliza swali ili darasa zima liitikie. Mtoto wa darasa la sita aliyemo nyumbani anayajua hayo yote. Akiketi naye nusu saa mezani, akamsomea sentensi zake kwa sauti na kumsahihisha, somo la kesho huwa limeshakaa sawa kabla halijafika darasani. Kwa hiyo kaya ikitenga meza ndogo, taa yenye chaji ya kutosha na saa moja au mbili zisizo na wageni wala redio kubwa, imefanya kazi ya ukufunzi ambayo chuo hakiwezi kuifanya kikiwa mbali.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na katika jambo hili tunaomba wachukuliwe kwa uzito. Zipo familia ambazo kwa wema wao humtengea mgeni kiti, humletea maji ya kuoga hadi mlangoni, humpakulia peke yake sebuleni na humkataza kugusa ufagio tangu siku anayofika hadi anayoondoka. Mama wa nyumba anachoka, gharama zinapanda, na mgeni anabaki mpweke katikati ya watu wengi. Zaidi ya hayo, hajifunzi lolote. Mazungumzo ya nyumba zetu hayafanyikii sebuleni. Hufanyika uani, watu wakipembua mbaazi, wakimenya muhogo, wakiosha vyombo au wakisubiri ndoo ijae. Mpeni kazi mgeni wenu, hata kama mwanzoni ataifanya taratibu na vibaya.

Anachokipata katika kazi hizo ndicho kinachomfanya awe mwalimu wa watoto hawa. Aliyewahi kuamka na binti wa nyumba kabla ya jua kutoka na kwenda naye kuchota maji, hasa katika vijiji vya uwanda wa juu wa Newala na Tandahimba ambako maji yamekuwa ya shida tangu zamani na familia nyingi hutegemea mvua iliyovunwa kwenye matangi, hatakuwa mwepesi wa kumwita mvivu mwanafunzi anayefika paredi ikiwa imekwisha. Ataelewa pia kwa nini ndoo moja ya kuoga inatosha, na kwa nini si adabu kuimwaga yote. Hatuna mhadhara unaoweza kumfundisha hayo kwa haraka namna hiyo.

Msimu nao unahitaji kuelezwa, kwa kuwa mgeni hawezi kuuona mwenyewe. Korosho huanza kuokotwa kati ya Septemba na Oktoba na huendelea hadi mwisho wa mwaka au Januari, na katika miezi hiyo watoto huonekana mashambani kabla na baada ya masomo, nyumba hubaki na watu wachache mchana, na mazungumzo yote ni ya chama cha msingi cha ushirika na bei ya mnada. Kwa kuwa korosho huuzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani mkulima hupewa hati ya mzigo wake uliowekwa ghalani hadi uuzwe mnadani, fedha haiingii siku mzigo unapopelekwa, kuna kusubiri. Mwalimu tarajali akijua hivyo hatashangaa mzazi anapoahidi daftari la mtoto baada ya malipo. Mabibo, matunda ya mkorosho, atayapenda, na ni vizuri aambiwe mapema kuwa uraka unaotokana nayo unalevya. Jambo la kuzingatia zaidi ni salfa. Kati ya Mei na Agosti au Septemba, wakulima wanapopuliza salfa ya unga kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, vumbi lake husambaa hadi kwenye makazi, na mtu mwenye pumu anaweza kupata shida kubwa ya kupumua. Mwulizeni siku ya kwanza kama ana pumu, na kama anayo, asiende shambani nyakati hizo na dawa yake iwe karibu.

Kuhusu ukoo, tunashauri familia imweleze mgeni bila haya jinsi mambo yanavyoamuliwa. Miongoni mwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, kwa desturi ukoo hufuatwa upande wa mama, na ingawa maisha yamebadilika, katika nyumba nyingi sauti ya mjomba bado ina uzito katika mambo ya mtoto. Mwalimu tarajali anayefuatilia mtoro anaweza kuzungumza na baba mara kadhaa, akajibiwa kwa heshima na asione mabadiliko, kwa sababu aliyepaswa kuzungumza naye ni mjomba anayeishi nyumba ya tatu. Familia iliyompokea ndiyo inayoweza kumnong'oneza hilo. Ndiyo pia inayoweza kumweleza habari za jando na unyago kwa kiwango kinachofaa: kwamba zipo siku za ngoma ambazo kila mtu anakaribishwa, na yapo ya ndani ambayo hayaulizwi wala hayapigwi picha, hata kama binti aliyetoka huko ni mwanafunzi wake. Mualiko ukija, mama wa nyumba ndiye wa kumwelekeza avae nini na aketi wapi.

Fedha izungumzwe mapema, na wazungumze watu wazima. Mchango wa chakula na malazi upangwe kabla ya kufika, ijulikane anayepokea ni nani na unagharimia nini, ili mgeni asihisi ananyonywa na familia isihisi inatumiwa. Tunasisitiza hili kwa sababu manung'uniko mengi tunayoletewa yanaanzia hapo. Ndugu na majirani nao waelezwe kwamba huyu ni mwanachuo, mara nyingi anajilipia kwa akiba au mkopo, na kumwomba simu au nauli kila jioni kunamfanya ajifungie chumbani. Chumba hicho kiwe na mlango unaofungwa kwa ndani, na chandarua chenye dawa.

Suala la viboko linahitaji uangalifu wa pekee. Kanuni zinampa mamlaka ya kutoa adhabu hiyo mkuu wa shule, au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, kwa idadi isiyozidi viboko vinne na kwa kuandikwa kwenye daftari. Mwalimu tarajali asishike fimbo kamwe, na asishawishiwe kuishika, hata watoto wenyewe wakimwambia kuwa bila fimbo hawatatulia. Nyumbani tunaomba wazazi wajue kwamba kijana huyu huenda ametoka katika nchi ambako kumpiga mtoto ni kosa kisheria, na kumchapa mtoto mbele yake kutamvunja moyo kuliko jambo jingine lolote mtakalomfanyia. Asipofurahi, msimchukulie kuwa ana dharau. Mpeni nafasi aulize, nanyi mjibuni.

Mambo ya kiserikali ni machache. Mgeni atambulishwe kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji siku chache baada ya kufika, na chuo kihakikishe kibali chake cha ukaazi kinamruhusu kufanya mazoezi. Picha za watoto, wa nyumbani na wa shuleni, zisisambazwe mtandaoni bila ridhaa ya wazazi na ya shule.

Lililobaki ni homa. Sisi tuliokulia hapa tumeugua malaria mara nyingi, na miili yetu imejenga kinga kiasi fulani. Mgeni hana kinga hiyo, na malaria inaweza kumzidia ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo akilalamika kichwa, baridi au uchovu, asipewe vidonge vya maumivu na kuambiwa alale hadi kesho. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, apimwe, na akikutwa na vimelea amalize dozi ya mseto aliyoandikiwa, hata kama siku ya pili anajisikia mzima. Siku anapoaga, mama wa nyumba amkumbushe tena: akipata homa akiwa kwao, hata miezi kadhaa baada ya kurudi, amwambie daktari mara moja kwamba alikuwa akiishi Mtwara au Lindi, kwa maana daktari wa huko anaweza asiiwazie malaria kabisa.