Je, wajua kwa nini kahawa inafukuza usingizi?

Alfajiri pale soko la Mbuyuni, Moshi, turubai bado hazijafunguliwa, muuza kahawa ameshapita akigonganisha vikombe. Kikombe kimoja, kashata pembeni, na mpakua ndizi aliyekuwa anasinzia juu ya mkokoteni anafumbua macho. "Kahawa inatia nguvu," atakwambia. Haitii. Kahawa nyeusi bila sukari karibu haina nishati yoyote. Kazi yake ni kuuficha ubongo habari kwamba umechoka.

Habari hiyo huletwa na adenosini, kemikali inayorundikana ubongoni kadiri seli zinavyotumia nishati mchana kutwa. Juu ya seli hizo kuna vipokezi, yaani protini zenye nafasi ambayo adenosini huingia na kukaa barabara. Ikishakaa, kipokezi hubadilika umbo kidogo, na amri inapita ndani ya seli: punguza kasi. Kope zinaanza kuwa nzito.

Kafeini, kemikali iliyomo ndani ya kahawa, imefanana na adenosini kiasi cha kuingia kwenye kiti kilekile, ila haiwezi kukiamsha kipokezi. Aliyewahi kupanda Hiace stendi ataelewa upesi. Unakuta gari limejaa, unaingia, kumbe nusu ni vijana wa palepale waliokaa ili lionekane limejaa. Siti zimekaliwa, gari haliondoki. Abiria wa kweli, yaani adenosini, wako nje na wanazidi kuongezeka. Vijana wakishuka, wote wanaingia kwa mkupuo; ndiyo maana kahawa ikiisha mwilini usingizi huja kwa kishindo.

Kuisha kwenyewe kunachukua muda. Kwa mtu mzima, nusu ya kafeini hutoka katika saa 5 hivi. Uliyokunywa saa 10 jioni, nusu yake ungali nayo saa 3 usiku, na robo saa 8 usiku. Bahati ya watu wa Kilimanjaro ni kwamba kahawa yao ya aina ya arabika ina kafeini karibu nusu tu ya ile ya aina ya robusta ya Kagera.

Dawa za hospitali nyingi hucheza mchezo huohuo wa viti. Salbutamoli anayovuta mgonjwa wa pumu hukaa kwenye vipokezi vya njia ya hewa na kuviamsha, njia ikapanuka. Propranololi hukaa kwenye vipokezi vya jamii hiyohiyo bila kuviamsha: moyo unatulia, lakini njia ya hewa inaweza kubana, kwa hiyo mwenye pumu huepushwa nayo.

Na ubongo nao si mjinga. Ukiuziba viti kila siku, unaongeza vingine, na kikombe kimoja kinageuka viwili. Mnywaji wa kila asubuhi anajua yanayompata siku za mwanzo za Ramadhani: adenosini inakuta viti tele vitupu, mishipa ya damu kichwani inatanuka, na kufikia adhuhuri kichwa kinagonga. Baada ya siku chache viti vya ziada vinapungua, na kichwa kinatulia.